Shahidi Ndani ya Boksi

Jumatatu. Mawingu mazito, bado hayajamwaga.

Sasa hivi Bosi amejivika mpira wa kiungio cha paipu, mviringo kama pete, kwenye kidole gumba na amekataa kuuvua. Ameupuliza, ameung'ata, ameuonyesha ukuta, kisha akaninyooshea mkono kama bibi harusi. Nimeutoa kwa sabuni na nyimbo mbili, akalia kana kwamba nimemvunjia ndoa. Mpira una alama ya jino. Bosi ni binti yangu, miaka miwili kasoro. Jina hilo kapewa na baba yake kwa sababu tangu azaliwe nyumba nzima huamka anapotaka yeye.

Mpira wenyewe si wa kuchezea. Nimepewa nizoee kuushika, maana leo nimeanza kazi. Mama Mdogo, yaani mdogo wake marehemu mama yangu, ni fundi umeme, na amepata kazi kwenye chekechea iliyo mtaa wa juu: kubadilisha maboksi matano ya umeme yaliyoko nje. Kuna la taa ya geti, la kengele, la taa za uwanja, la pampu ya maji na la jiko. Ya zamani yameoza. Mifuniko imefungwa kwa kamba. Mpishi anasema la jiko huwa linang'ata mvua ikinyesha, na watoto hupita hapo kwenda kunawa mikono. Nilipolisikia hilo nikamwona Bosi na vidole vyake.

Tumepatana hivi. Nitafanya na Mama Mdogo msimu huu wa mvua. Maboksi yakivuka mvua yakiwa makavu, Mwalimu Mkuu atatupa na kazi ya jengo jipya, na mimi nitakuwa fundi pamoja naye moja kwa moja. Yakilowa, Mwalimu atatafuta mtu mwingine, na kazi za kubadilisha balbu hazitoshi watu wawili. Mama mkwe atakaa na Bosi. Alikubali huku anachambua mchele, macho hayakuniinukia. Akasema, "Mvua zikiisha tutaona."

Mama Mdogo kanitaka niandike kila siku nilichofanya. Anasema fundi asiyeandika hurudia kosa mpaka alizoee. Nadhani alitegemea niandike habari za waya.

Jumanne. Manyunyu asubuhi, jua mchana.

Leo tulikwenda dukani kuchagua viungio. Hivi ni vishingo vinavyoshika paipu ya waya pale inapoingia kwenye boksi. Boksi linaweza kuwa zuri kama sanduku la dhahabu, shingo ikivuja limekwisha. Sikujua kama kuchagua shingo ni kazi kubwa kuliko kuchagua mchumba. Mimi Baba Bosi nilimchagua upesi zaidi.

Muuzaji wanamwita Babu Nati. Alitupangia aina tatu kwenye kaunta. Mimi nikavipenda vya chuma, vinang'aa, ukikishika unajiona fundi. Mama Mdogo akakigeuza kimoja na kuniuliza mpira wake uko wapi. Hakina. Akasema basi huyo ni mzuri wa uso tu. Aina ya pili ni plastiki, unasukuma paipu inaingia tak, imekwisha. Akasema hivyo ni vya ndani ya nyumba, jua la nje litavilegeza kabla ya mvua kufika. Vya tatu ni vya kijivu, sura yake kama kizibo cha chupa ya dawa. Vina uzi wa kuzungusha, mpira ndani, na kofia inayoibana paipu pande zote.

Babu Nati akaapa kwamba vyote ni vya nje. Mama Mdogo akamwambia, "Hata wewe babu ni mtu wa nje, lakini ikinyesha nakuona unakimbilia ndani." Tukanunua kimoja kimoja, tuvijaribu wenyewe.

Jumatano. Jua.

Tumefanyia majaribio uani kwetu. Maboksi matatu mabovu, kila moja na shingo yake, na ndani ya kila boksi kipande cha gazeti kilichokunjwa. Mama Mdogo anakiita shahidi. Hakuna boksi la nje analolifunga bila kumwacha shahidi ndani. Anasema maji ni mwizi, yakishaingia hukauka na kukana, lakini karatasi haikani.

Bosi ndiye alikuwa mvua. Tulimpa kikombe na ndoo, akamwaga kwa bidii, juu, pembeni, kisha akahamia miguuni kwa bibi yake aliyekuwa amekaa mlangoni. Tukafungua. Shahidi wa kiungio cha chuma alikuwa chapachapa. Wa kile cha kusukuma alilowa kona moja. Wa kijivu nilimkunjua nikasoma tangazo la viatu lote, kila herufi mahali pake.

Mama mkwe akiwa anafuta miguu akasema zamani mtu aliyemwagia umeme maji aliitwa mwendawazimu, siku hizi anaitwa mwanafunzi. Mama Mdogo alicheka. Mimi nilicheka kidogo, kwa heshima.

Ijumaa. Mvua. Hakuna kazi. Bosi kalala mchana kutwa, nami nikalala naye.

Jumatatu. Kumetulia, hewa ya joto.

Tumefunga maboksi yote. Nimeumia mabega na nina furaha. Kwanza tulizima swichi kuu, Mama Mdogo akafunga kabati lake na kuweka ufunguo mfukoni mwake, maana anasema swichi unayoilinda kwa maneno ataiwasha mtu. Paipu zote tumeziingiza kwa chini. Zile za zamani ziliingia kwa juu, maji yakawa yanateremka nazo kama mtoto kwenye bembea ya kuteleza. Kwa chini, maji hayapandi ngazi. Nimezungusha viungio kwa mkono wangu, mpira kwa mpira. Mmoja ulipungua, nikatumia ule wenye jino la Bosi, nikautia kwenye boksi la pampu. Umekaa vizuri tu.

Nimejifunza pia sheria yake kubwa: kila tundu ni mlango. Tundu usilolipitishia paipu, lizibe.

Niandike na jambo moja ambalo sikumwambia. Alipokuwa juu ya ngazi kwenye taa ya geti, niliona boksi la kengele lina katundu chini kabisa, kembamba kama njiti ya kiberiti. Nikajua drili imemteleza. Nikatazama la pili, nalo limeteleza. La tatu vilevile. Yote matano, mahali palepale. Nilimwonea huruma. Miwani yake ina nyufa, na mkono wa mtu mzima huchoka. Basi kila boksi nikaliziba katundu kake kwa gundi ya silikoni, kwa ndani, nikalainisha kwa kidole gumba mpaka huwezi kujua. Mkubwa husitiriwa.

Mwalimu Mkuu alipita, mwanamke wa sauti ndogo sana, ukimsikiliza unajikuta umeinama. Akasema, "Mvua itatuambia."

Jumatano. Mvua.

Alhamisi. Mvua. Jua saa moja hivi, kali, halafu mvua.

Ijumaa. Mvua, jua, mvua. Nguo hazikauki. Baba Bosi, ambaye anafanya kazi kwenye tanuri la mikate, anarudi na shati kavu, ndiye mtu pekee mkavu katika nyumba hii, na analitangaza.

Jumapili. Mvua usiku, jua asubuhi. Mama mkwe kaniuliza kama maboksi yangu yanaogelea. Nikamwambia yamelala usingizi, mama. Akasema hata mzoga umelala. Najua hanichukii. Lakini kila nikitoka na begi la vifaa ananitazama kama mtu aliyeacha sufuria jikoni, naye ndiye atakayekuta imeungua.

Jumanne. Mvua tangu alfajiri.

Leo ilikuwa mbaya.

Tulikuwa tunakunywa chai, mpishi wa chekechea akaja mwenyewe, kanga imelowa mpaka magotini. Pampu imezima. Swichi kuu ikiwashwa inajikata, ikiwashwa inajikata. Watoto wananawishwa kwa ndoo, na wanafurahi, lakini Mwalimu hafurahi.

Njia nzima nilikuwa nikiliona lile jino la Bosi. Nilijisemea ni mimi, nimetia mpira ulioliwa na mtoto kwenye boksi la pampu, na kati ya maboksi yote limezima hilohilo. Mama Mdogo alizima kila kitu, akapima, akafungua. Ndani kumelowa. Matone yananing'inia chini ya mfuniko, na shahidi amekuwa uji. Nikafungua kinywa ili nikiri habari za jino, lakini yeye alishafika boksi la jiko. Nalo limelowa. La kengele limelowa. Yote matano, yakiwemo yale yenye mipira mipya kabisa. Kwa hiyo jino halina hatia, na hiyo ikanitisha zaidi, maana kama si jino, ni nini?

Mama Mdogo alipitisha kidole kuzunguka kila shingo. Akasema, "Hakuna njia. Maji yameingiaje bila njia?" Kisha uso ukamkaza. Akasema Babu Nati katuuzia bandia, cha kujaribu kizima na vya kufunga vibovu, na kwamba kesho atavirudisha vya akiba na kuvimwaga kaunta mbele ya wateja.

Tulikausha kwa vitambaa, tukawasha. Pampu ikaimba. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama kwenye baraza, mkono kwenye bega la mtoto mmoja. Hakugomba. Angegomba ningepumua. Alisema yeye anatupenda, lakini mbele ya watoto hawezi kupenda umeme uliolowa. Tuna mpaka Jumamosi. Likilowa hata moja, ataita mtu mwingine.

Nilirudi nyumbani. Mama mkwe aliniona, akainuka. Akanipakulia chakula. Nyama aliweka kwenye sahani yangu, si ya mwanawe. Sikutegemea hilo, na ndilo lililoniliza.

Jumatano. Mvua nyembamba, joto.

Ngoja niandike pole pole, maana nina furaha na aibu, vyote pamoja.

Asubuhi nilikwenda dukani kununua sabuni, nikamchukua Bosi. Mvua ilikuwa rasharasha tu, lakini nilimvalisha koti lake la plastiki, nikafunga vifungo vyote, kofia nikaikaza kamba, mikono nikaibana kwa raba. Nilitaka angalau kitu kimoja katika maisha yangu kisilowe. Hakuguswa na tone hata moja. Tuliporudi akawa analia, anajikuna. Mama mkwe akamvua koti, na gauni lilikuwa limelowa mgongo mzima, nywele zimelowa, na ndani ya plastiki kuna matone yananing'inia.

Mama mkwe akalining'iniza koti mbele yangu. Akasema, "Mama Bosi, umemfunika huyu kama sufuria. Mvua haikumpata, kajinyeshea mwenyewe. Na yeye apumue wapi?"

Nilibaki nimetazama yale matone. Niliyaona jana, yaleyale, chini ya mifuniko mitano. Joto la mchana, baridi ya usiku, na hewa imefungiwa humo haina pa kutokea, inatoa jasho. Jasho linashuka, linafika chini, linatafuta mlango. Mlango ulikuwepo. Mwembamba kama njiti ya kiberiti. Mimi ndiye niliyeufunga, nikaulainisha na kidole gumba.

Nikamwacha mama mkwe na koti mkononi, nikakimbia na ndala. Mama Mdogo alikuwa tayari kwa Babu Nati, na wateja walikuwa wameanza kukusanyika, maana ugomvi wa bure hauna kiingilio. Viungio vya akiba vimemwagwa kaunta. Babu Nati anaapa kwa watoto wake wote, mmoja mmoja. Nikamvuta Mama Mdogo mkono, nikamwambia tutoke nje. Akasema nisubiri. Basi nikasema palepale, mbele ya watu, kwa sababu babu wa watu alikuwa anasutwa kwa kosa langu.

Nikasema, "Mama Mdogo, vile vitundu vya chini, niliviziba mimi."

"Vitundu gani?"

"Vya drili. Nilidhani imekuteleza."

Akanitazama. "Imeniteleza mara tano?"

"Nilikuonea huruma. Niliona umechoka, nikakusitiri."

Babu Nati ndiye aliyeanza, alicheka mpaka akashika rafu. Mama Mdogo alijikaza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, halafu akakaa juu ya roli la waya na kucheka mpaka machozi. Wateja wakacheka bila kujua wanacheka nini. Mimi nililia kidogo, ndipo nikacheka.

Alimwomba Babu Nati radhi, kwa sauti ileile aliyomtukania, hilo nililipenda. Njiani akageuka kuwa fundi tena. Alisema na yeye ana sehemu yake, alinipa sheria nusu. Maji hayazuiliki yote, yanayobaki yaonyeshe njia ya kutokea. Kisha akasimama katikati ya tope akanishika bega. "Kunisitiri ni adabu nzuri, mwanangu. Lakini kwenye umeme ukiona la ajabu, niulize, hata kama litaniaibisha. Aibu haijamng'ata mtoto wa mtu."

Mchana tulirudi chekechea. Nilichokoa silikoni yote mwenyewe, boksi baada ya boksi, kwa sindano ya kushonea magunia. Kwenye la pampu yalitoka matone mawili, yakaniangukia kiganjani. Tukaweka mashahidi wapya.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mama mkwe kwamba yeye na koti lake wameokoa maboksi matano. Akasema hajui habari za maboksi, yeye amesema habari za mjukuu wake. Lakini jioni nilimsikia anamsimulia jirani, na katika simulizi yake yeye alijua tangu mwanzo.

Ijumaa. Mvua. Sijala vizuri.

Jumamosi. Mvua ya kupiga, bati halisikilizani na mtu.

Tumefungua mbele ya Mwalimu Mkuu. Makavu yote. Amesema basi tuone mpaka mvua ziishe, akaniuliza Bosi ana miaka mingapi.

Jumatatu. Makavu. Ila boksi la kengele lina sisimizi. Wameona mlango uko wazi wakahamia ukoo mzima.

Jumanne. Mawingu.

Nimewaza habari za sisimizi mpaka nimeunguza maharage. Nikiziba, jasho. Nikiacha, wageni. Nilisema haya kwa sauti jikoni, nadhani najisemea mwenyewe. Mama mkwe akainuka, akachukua chujio lake la chai la zamani, lile ambalo haruhusu mtu kuligusa, akalikata wavu kwa mkasi vipande vidogo. Akaniwekea kiganjani. "Chai inapita, majani hayapiti," akasema, akarudi kwenye mboga zake.

Nikamwambia asante mama. Akasema nisimshukuru, nimnunulie jingine.

Alhamisi. Manyunyu. Wavu umekaa kwenye vitundu vyote. Mama Mdogo amekiangalia kimoja kwa muda mrefu, akauliza ni wazo la nani. Nikamwambia. Akasema mwambie huyo mama akichoka kulea, aje.

Jumapili. Jua. Bosi kasema neno jipya: boksi. Baba yake kasikitika, alitaka liwe baba.

Jumatano. Mvua, inavyoonekana ni ya mwisho, kubwa kama kwaheri ya mtu asiyetaka kuondoka.

Jumatatu. Jua, wiki nzima sasa. Ardhi imepasuka uani.

Leo ndiyo siku. Tumefungua yote kwa mara ya mwisho. Mwalimu Mkuu alikuwepo na mpishi, na mama mkwe alikuja pia, kambeba Bosi mgongoni, kasema anapita tu, ingawa njia hiyo haiendi popote. Mama Mdogo hakugusa bisibisi. Alinipa mimi. Swichi nilizima mimi, ufunguo ukakaa mfukoni mwangu.

La geti, shahidi mkavu. La kengele, mkavu, hakuna sisimizi. La uwanja, mkavu. La jiko, mkavu, na mpishi akaligusa kwa mgongo wa mkono, akasema leo halina meno. La pampu niliacha mwisho kwa sababu ya lile jino. Nilifungua. Shahidi alikuwa mkavu mpaka analia ukimkunja. Nikamkunjua nikawasomea wote, ilikuwa habari ya mtu aliyepoteza mbuzi na kumpata.

Mwalimu Mkuu akasema jengo jipya ni letu, na siku za kazi Bosi aje akae na wenzake. Mama Mdogo akatoa kwenye begi tesita mpya, bisibisi ya kupimia umeme, bado iko kwenye karatasi yake, akanichomekea mfuko wa shati kama kalamu. Bosi akainyooshea mkono. Mama mkwe akamwambia hiyo si ya kuchezea, ni ya kazi ya mama.

Tumerudi pamoja, mimi na mama mkwe, kwa mara ya kwanza bila maswali ya maboksi. Nilitaka kumkumbusha ile "tutaona" yake, kama ameshaona. Sikuthubutu. Nimekaa mlangoni nikaanza kuandika haya, na sasa hivi nasikia uani anaita kwamba taa ya nje inawaka na kuzima, "Fundi, hebu njoo uitazame, fundi," nami nimeshageuza shingo kumtafuta Mama Mdogo, kumbe Mama Mdogo alishaenda kwake, kwa hiyo fundi anayeitwa ni…